Leseni Ukutani, Maji Mtungini

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Waliokutwa Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wanalala ng'ambo: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Mgeni akitajiwa Mombasa huwaza Fort Jesus na zile pembe za Barabara ya Moi. Lakini Mombasa inayoamka saa kumi alfajiri kwenda bandarini, kwenye magodauni na viwandani, inaamkia ng'ambo, na kabla ya kupanda feri au matatu sharti itie kitu tumboni.

Kitu hicho hakitoki kwenye mkahawa wenye menyu. Likoni ni mahamri na mbaazi za nazi, zinazouzwa karibu na feri jua halijachomoza. Changamwe, madereva wa malori na vibarua wa makontena wanataka chapati, maharagwe na chai ya maziwa, na wanataka upesi. Kisauni ina jioni yake: kuanzia Mlaleo hadi Mshomoroni na Bamburi, magharibi ikishaswaliwa moshi wa mishkaki unapanda, makarai ya viazi na bhajia yanatokota, mihogo inapakwa pilipili na ndimu, na akina mama karanga wanapanga samaki wa kukaanga kwenye masinia. Wengi wa wapishi hawa ni wanawake. Na ni wachache kati yao ambao hawajawahi kusimamishwa na swali hili: "Mama, leseni iko wapi?"

Swali ni fupi, jibu lake ni bahasha nzima ya karatasi. Na ndani ya bahasha hiyo kuna leseni mbili ambazo hata wenye biashara wa miaka mingi huzichanganya.

Ya kwanza ni leseni ya biashara. Kibali hiki cha mwaka kilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi za mabaraza ya miji, serikali ilipoamua kuunganisha utitiri wa leseni ndogondogo kuwa kibali kimoja. Nia ilikuwa njema: mtu alipe mara moja, apewe karatasi moja, akafanye kazi yake. Ila ilikuwa nia ya mkusanya mapato. Karatasi ile inathibitisha kwamba umelipa. Haisemi neno juu ya wali wako, wala mikono yako, wala maji uliyooshea sahani. Ya pili ni leseni ya afya, inayotoka kwenye Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, na kanuni zake za usafi wa chakula za mwaka 1978. Nyuma yake imesimama Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyotungwa mwaka 1921, enzi za Mwingereza. Hii ndiyo inayojishughulisha na chakula chenyewe.

Zote mbili sasa ziko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Jedwali hilo lishike akilini, tutalihitaji mbele.

Tuseme ni mama wa Mtongwe aliyechoka kupikia uani, akakodi chumba cha mbele ili auze wali wa nazi, maharagwe na samaki wa kupaka. Mtu wa kwanza kumfikia hatakuwa bwana afya. Atakuwa mtoza ushuru, kwa kuwa ndiye anayepita mtaani kila siku. Kwa hiyo wengi huanzia mwisho: hulipia leseni ya biashara, huitundika ukutani, wakadhani wamemaliza. Bwana afya akija, huwaambia ndio kwanza wanaanza. Pesa ya kodi imekwenda, pesa ya leseni imekwenda, na chumba chenyewe huenda hakifai.

Njia iliyonyooka ni kuanzia ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, kabla ya kutia saini na mwenye nyumba. Afisa aje apaone mahali. Atataka sakafu inayoosheka, ukuta usiobanduka, paa lisilovuja, mahali pa kutokea moshi, pipa la taka lenye kifuniko, choo kilicho karibu lakini kisichofungukia jikoni, mtaro wa kuchukua maji machafu, maji ya kutosha ya kunawia na kuoshea vyombo, na chumba cha kupikia ambacho usiku hakigeuzwi cha kulala.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umesimama kwenye nyumba ya Kiswahili ya Likoni au Kisauni, unaona mara moja palipo na shida. Nyumba ile ina vyumba kama sita, ukumbi katikati, na uani nyuma ambako jiko, choo na pengine kisima hukaa pamoja, vikitumiwa na wapangaji wote. Mahamri ya alfajiri hukandwa hapo uani usiku. Viazi vya karai huchemshwa hapo adhuhuri. Kibanda cha barabarani anachokikagua bwana afya mara nyingi ni mahali pa kuuzia tu, kazi yote imekwisha fanyika kwengine. Sheria imeandikwa kana kwamba kila mpishi ana jengo lake, na wapishi wengi wa ng'ambo wana uani wa shirika.

Vivyo hivyo mpishi wa nyumbani. Yule anayepokea oda za sambusa, keki na biriani za harusi au hitima kwa simu, anapika chakula cha watu mia mbili chumbani kwake na hakuna anayemwuliza chochote, mpaka siku watu watakapoumwa matumbo. Na Ramadhani? Mwezi unapoandama, barabara za Kisauni na Likoni hujaa meza za kaimati, mkate wa sinia na viazi vya rojo ambazo Shaabani hazikuwapo. Leseni ni ya mwaka, Ramadhani ni siku 29 au 30. Wengi wao hulipa ushuru wa siku pale penye mtoza ushuru, basi. Chakula chenyewe hakipitiwi na jicho la mtu.

Kinachomwandama mpishi kuliko vyote ni cheti cha afya. Kila mtu anayeshika chakula, awe mwenye hoteli, mkaanga chipsi au kijana wa kuosha sahani, anatakiwa apimwe kinyesi na mkojo, achunguzwe na daktari, apewe cheti kinachodumu miezi sita. Wa Changamwe wengi huenda Port Reitz, wa Likoni huenda hospitali ya kaunti ndogo hapo hapo Likoni. Hoteli ya watu wanne ni vyeti vinane kwa mwaka, na kila cheti ni ada na nusu siku ya kazi iliyopotea. Kijana wa kuosha sahani akiacha kazi mwezi wa pili, na hawa huacha sana, cheti chake kinaondoka naye na unaanza upya na mwengine.

Asili ya hofu hii inaeleweka. Kisa kinachotajwa daima ni cha Mary Mallon, mpishi kutoka Ireland aliyefanya kazi kwenye nyumba za matajiri wa New York. Mwaka 1907 mchunguzi mmoja, George Soper, aligundua kwamba familia alizopikia zilikuwa zikiugua homa ya matumbo, ile taifodi yetu, moja baada ya nyengine, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Alitengwa kisiwani, akaachiliwa mwaka 1910 kwa sharti la kutopika, akarudi jikoni kwa jina jengine, akakamatwa tena mwaka 1915. Alifia kizuizini mwaka 1938. Yapo, basi, magonjwa yanayobebwa na mpishi asiyejijua.

Lakini mwaka 1989, kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lililopewa kazi ya kuchunguza jambo hili lilisema wazi kwamba vipimo vya mara kwa mara vya wapishi haviaminiki na faida yake haifikii gharama. Sababu zake hazihitaji udaktari. Mtu hupimwa Jumatatu akiwa safi, akaambukizwa Alhamisi, na cheti chake kikaendelea kumshuhudia hadi mwezi wa sita. Vijidudu vyengine hutoka kwenye kinyesi kwa vipindi, kwa hiyo sampuli ya siku moja yaweza kupita salama. Wataalamu wale walipendekeza pesa zielekezwe kwenye kumfundisha mpishi: ajue kwamba akiharisha asishike chakula, anawe akitoka msalani, asikate kachumbari kwa kisu kilichokata samaki mbichi. Imepita zaidi ya miaka 30, na sisi bado tunahesabu vyeti.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katikati ya mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata wajumbe wa kongamano la afya katika hoteli moja ya kifahari jijini Nairobi, na Julai kikawapata waliokula kwenye maonyesho ya biashara katika jumba la KICC. Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, aliamuru wapishi wapimwe upya. Hayo hayakuwa mabanda ya mabati. Ni mahali ambapo bahasha ya karatasi haikosi hata moja.

Mbali na afya, kuna wazima moto: mtungi wa kuzimia moto ulio hai, na cheti cha ukaguzi. Kuna mizani, kama unauza kwa kilo, ambayo hupigwa muhuri na idara ya vipimo. Kuna ada ya bango. Ukiwasha redio wateja wasikilize taarab, kuna haki za wanamuziki. Ukifunga kachri au karanga kwenye pakiti zenye jina lako ili ziuzwe madukani, umeingia mikononi mwa Shirika la Viwango, KEBS, na utatakiwa uwe na alama yake. Cheti cha halali ni hiari, ingawa Pwani mteja huuliza.

Na kuna mamlaka ya mapato, KRA. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Milioni moja inasikika kama pesa ya tajiri, lakini ukiigawa kwa siku 365 ni kama Sh2,740. Kibanda cha chipsi cha Magongo kinachouza vizuri hukipita kiwango hicho kabla ya isha. Na hesabu ni ya mauzo. Mafuta, viazi, makaa, kodi na mshahara wa kijana havipunguzwi kwanza.

Ada za kaunti nazo zina mantiki yake ya ajabu. Katika jedwali lililorithiwa kutoka mabaraza ya zamani, hoteli isiyo na malazi wala pombe hupangwa kwa wingi wa wateja inaowachukua: hadi 6, kati ya 6 na 20, na zaidi ya 20. Muuza mahamri wa feri hana hata kiti kimoja, na kabla ya saa mbili asubuhi ameshalisha watu wengi kuliko hoteli ya viti ishirini mchana kutwa. Kwa jedwali yeye ni mdogo. Kwa afya ya umma yeye ndiye mkubwa, kwani akikosea yeye watakaoharisha wametapakaa kuanzia bandarini hadi kisiwani.

Leseni haimlindi pia na tingatinga. Vibanda vingi vya ng'ambo vimekaa kwenye hifadhi ya barabara, ardhi ambayo kaunti haina mamlaka ya kumpa mtu, ingawa haioni haya kupokea ada yake. Wa Changamwe na Magongo wanalijua jambo hili tangu upanuzi wa barabara kuu ya Nairobi ulipowafikia. Aliyekuwa na leseni na asiyekuwa nayo walivunjiwa sawasawa.

Ndipo anapoingia kanjo, yaani askari wa kaunti. Hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: kila mwenye kibanda ng'ambo anajua "chai" ni nini, na inanywewa saa ngapi. Wengi huwalaumu maaskari, na lawama hiyo wameitafuta wenyewe. Lakini tuitazame hesabu ilivyo. Karatasi zikiwa nane, tena kila moja na tarehe yake ya kufa, ni vigumu kumkuta mtu aliye na zote nane siku moja. Daima kuna moja iliyolala jana. Askari hahitaji kumtafutia mtu kosa, kosa limewekwa tayari na utaratibu wenyewe. Na mama aliyebebewa sufuria na seredani yake akapakiliwa kwenye lori hupiga hesabu upesi: faini, nauli, siku ya kazi, chakula kitakachochacha. Chai ni rahisi kuliko vyote hivyo, naye hutoa. Kila karatasi mpya inayobuniwa kwa jina la usafi, bila kuondoa ya zamani, ni birika jengine jikoni.

Ila hayo yote, hata yakinyooshwa kesho asubuhi, hayagusi kiini. Kiini ni maji.

Turudi kwenye lile Jedwali la Nne. Sehemu ile ile iliyozipa kaunti leseni za chakula imezipa pia huduma za maji na majitaka. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa maneno mengine, mwenye jukumu la kumletea maji yule mama wa Mtongwe na anayekuja kumwuliza maji yake yako wapi ni serikali moja.

Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji ya bomba hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la miaka ya 1950. Hutoka Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi. Hutoka chemchemi za Marere na visima vya Tiwi, Kwale, ambavyo Likoni inavitegemea. Yanayofika hayatoshi, hivyo hutolewa kwa mgao, na mtaa wa mwisho wa bomba hupata upepo. Bwawa la Mwache, huko Kwale, limesubiriwa miaka mingi. Mpishi hawezi kusubiri bwawa. Hununua maji ya mkokoteni, mtungi mmoja mmoja wa lita 20, au hungoja boza, au huchota kisimani.

Na kisima ni hadithi ya peke yake. Mwaka 2006 zilichapishwa kazi za watafiti, wakiwamo wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, waliopima maji ya ardhini ya Kisauni na kukuta visima vimeingiliwa na vijidudu vya kinyesi. Ardhi ya huko ni mchanga na matumbawe. Maji hupenya upesi bila kuchujwa, nyumba zimebanana, na choo cha shimo hakiko mbali na kisima cha jirani. Mtandao wa majitaka haujafika sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni. Mtambo wa Kipevu, upande wa Changamwe, unahudumia sehemu ya bara ya magharibi tu. Kwengine ni mashimo na matangi, na yote mwisho wake ni ardhini.

Sasa mtazame anayeosha sahani. Ana beseni tatu: ya sabuni, ya kusuuza, ya kusuuza tena. Mtungi umenunuliwa kwa pesa, hivyo maji hayabadilishwi kila baada ya mteja. Kufikia adhuhuri beseni ya tatu ina rangi ya ile ya kwanza. Mpishi anayaona hayo, wala hakosi akili. Anachokosa ni koki. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwaka 2001 mambo matano ya kuzingatia ili chakula kiwe salama, lilitaja usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika kikaiva, na kutunza chakula kikiwa moto au baridi ipasavyo. La tano ni kutumia maji na vyakula visivyo na madhara. Manne ya kwanza yako kwenye uwezo wa mama wa kibandani. La tano liko ofisini.

Wakati wa korona tuliona jinsi serikali inavyoweza kukumbuka maji ikitaka. Ndoo za koki zilijaa kwenye kila mlango. Aprili 27 mwaka 2020 mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena, kwa sharti wafanyakazi wapimwe na kazi iwe kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Sharti hilo la saa lilimwua muuza viazi karai, ambaye saa kumi jioni ndiyo kwanza anawasha jiko. Mwezi uliofuata, Mji wa Kale ulipofungwa, migahawa yake yote ikafungwa pamoja nao. Korona ikapungua, ndoo nyingi zikaondoka. Maswali ya leseni yakarudi.

Nchi nyengine zilianzia upande wa pili. Singapore, ambayo miaka ya 1960 ilikuwa na wauza chakula wa barabarani kila kona, iliwaandikisha wote kuanzia mwaka 1968, kisha ikajenga vituo vyenye maji ya bomba, umeme na mifereji ya majitaka, ikawahamishia humo. Kazi ilikwisha mwaka 1986, na mwaka 2020 UNESCO ikautambua utamaduni wa vituo hivyo kuwa urithi wa wanadamu. Leseni ilikuwapo, na ukaguzi mkali ulikuwapo, lakini vilikuja pamoja na bomba. India, kwa kanuni za mwaka 2011, ilimtaka mwuza chakula mdogo ajiandikishe kwa rupia 100 kwa mwaka, na serikali ikajua yuko wapi.

Karibu zaidi, Unguja, bustani ya Forodhani ilifanyiwa ukarabati na mfuko wa Aga Khan wa utamaduni ikafunguliwa upya mwaka 2009, ikiwa na taa na mifereji, na wauza pweza, mishkaki na urojo wakarudi kwenye meza zao. Mombasa nayo ilitengenezewa bustani ya ufukweni ya Mama Ngina mwaka 2019, na Mashujaa Dei ya mwaka huo ikaadhimishwa pale. Ukikaa Mama Ngina ukila mihogo, unaiona Likoni kwa macho yako, ng'ambo ya mkondo. Ningependa nile mihogo upande ule pia, penye koki.

Haya si ya kusema kaunti isitoe leseni. Chakula kibovu kinaua, na wa kwanza kufa ni mtoto wa jirani. Bwana afya akifanya kazi yake ni rafiki wa mpishi: ndiye anayeweza kumwambia kabla ya kukodi kwamba chumba kile hakifai, ndiye anayeweza kumfundisha kutia klorini kwenye mtungi na kumweleza kwa nini ndoo ya koki ni bora kuliko beseni. Tatizo ni kwamba tumemfanya mkaguzi wa karatasi. Ningekuwa na kauli kaunti, ningeondoa vyeti viwili vya mwaka vya kila mwosha sahani, nikaweka mahali pake siku moja ya mafunzo kwa mwaka, bure, katika kila wadi. Ningeunganisha ada zote kwenye risiti moja yenye tarehe moja. Na kila mahali ambapo kaunti inatoza ushuru wa chakula kila siku, iwe feri ya Likoni, Mlaleo au Magongo, ningetaka pawe na bomba moja na choo kimoja kabla ya mtoza ushuru kurudi kesho yake.

Anayetaka kufungua biashara leo asingoje hayo. Aanze na ofisi ya afya, mwenye nyumba baadaye. Alipe kwa njia rasmi za kaunti, asimpe mtu pesa mkononi, na kila risiti aipige picha kwa simu, kwa sababu risiti ya karatasi hufifia kwa mvuke wa jikoni. Atundike nakala, asili azifiche nyumbani. Vyeti vya wafanyakazi aviandike kwenye kalenda siku vinapotoka, na akivihuisha avihuishe pamoja.

Ada zote hizi hazishuki kutoka mbinguni. Zinawekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo Bunge la Kaunti hulazimika kuupeleka mswada wake kwa wananchi watoe maoni kabla ya kuupitisha. Vikao hivyo mara nyingi huhudhuriwa na wenye mahoteli makubwa na mawakili wao, wakati mama wa mahamri yuko jikoni. Mswada ujao ukitangazwa, uliza ofisi ya wadi yako siku na mahali, mwombe jirani akushikie karai kwa saa mbili, uende na risiti zako, na ukipewa nafasi ya kusema, kabla ya kuomba ada ishuke, waulize bomba litafika lini.